Kipimo cha Saa Tisa

Susana, anayeuza mitumba kando ya Lynnet sokoni Kosele, anaapa kwamba mlinzi Mokaya ndiye aliyeponza bwawa la umeme. Ati mzee aliketi kibandani akaandika kitabuni "maji safi" bila hata kushuka chini ya tuta kutazama. Kesho yake asubuhi kipande cha tuta kikamomonyoka, mto ukafagia mahindi na ng'ombe watatu wa mjane Kezia.

"Uvivu wa mtu mmoja," Susana akamaliza, akikung'uta sketi.

Lynnet aliendelea kupanga nyanya. Alijua Fanuel, mpimaji wa bwawa, alikuwa wapi Jumanne ile saa tisa alasiri, saa ya kupima: nyumbani kwa Lynnet mwenyewe, shati vifungo viwili wazi, akila samaki mbuta wa kukaanga.

Walijuana hapo hapo sokoni, Fanuel alipokanyaga nyanya zake kwa gambuti la matope, akaomba msamaha mpaka watu wakacheka. Tangu hapo simu kila asubuhi: jaber wangu, mrembo, umeamkaje? Kazi yake ilikuwa kupima maji yanayovuja chini ya tuta lile kuukuu na kutazama rangi. Yakiwa safi, tuta linatoa jasho tu. Yakiwa mekundu, linaliwa ndani.

Jumanne ile mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, naye Fanuel alitaka kurudi bwawani mapema. Ni Lynnet aliyeficha ufunguo wa pikipiki kifuani mwa gauni lake la kitenge.

"Maji yamevuja tangu babu yako hajaoa," alimtania. "Leo ndiyo yabadilike?"

Fanuel akacheka, akampigia Mokaya simu aandike safi, kama jana.

Mwandiko ukawa wa Mokaya, akafukuzwa kazi. Alipoitaja ile simu, Fanuel aliwaambia wakubwa kwamba alikuwa mgonjwa, na kwamba alimtuma mzee ashuke akapime. Lynnet aliposikia hayo, hakupokea simu za Fanuel tena.

Leo, baada ya wiki tatu, Fanuel alitokea amevaa koti jipya, viatu vinang'aa, akakaa kwenye kreti. Akauliza ni nani amempiku.

"Hakuna."

"Basi Jumapili wazee wetu wanaleta pesa za ayie kwa mama yako, akubali nikuoe. Sema ndiyo tu, jaber."

Lynnet alimtaka. Hata sasa mkono ulimwasha kumnyoosha kola, na hilo ndilo lililomtia haya zaidi.

"Kabla ya mama yangu kuna Mokaya," alisema polepole. "Twende kwa wakubwa wako, wewe na mimi. Useme ulipiga simu ukiwa wapi. Nami niseme nani alikuzuia."

"Nitafungwa, Lynnet."

"Tutakuwa wawili."

Akafungua leso ya kazi kiunoni, akamwomba Susana amwangalizie meza, akaenda kusimama kando ya barabara.

"Twende, mpenzi."

Fanuel alikuwa bado ameketi juu ya kreti, akitazama viatu vyake.