Dada Yangu Alisoma Kitabu Kisichokuwa na Jina Lake

Nina umri wa miaka thelathini na sita, nimeolewa na nina watoto wawili. Ninaishi Kitale, ambako kwa miaka tisa sasa nimefanya kazi katika duka la uchapaji. Kadi za harusi, mabango ya kanisa, kalenda... lakini zaidi ya yote, vitabu vya mazishi. Ukienda matanga upande wetu huu ukapewa kitabu chenye picha ya marehemu mbele na wasifu wake ndani, huenda ni mimi niliyekipanga kwenye kompyuta. Nimewapangia watu wengi vitabu vya marehemu wao bila tatizo. Aliyenishinda ni baba yangu mwenyewe!

Jina langu ni Nekesa. Siandiki ili nihurumiwe, kwa maana sistahili huruma. Naandika kwa sababu nimechoka kusifiwa na watu wasiojua nilichofanya.

Baba alikuwa na nyumba mbili. Mama yangu na sisi watoto watano tulikaa Kamukuywa, kwenye shamba la babu. Mke wake wa pili alikaa Kiminini, naye alijaliwa mtoto mmoja tu, Naliaka. Mama hakutaka hata kulisikia jina hilo jikoni mwake. Lakini mimi nilipokuja Kitale kutafuta maisha, nilianza kupita Kiminini kila Jumamosi kumsuka yule mtoto nywele. Alikuwa na miaka kumi. Alipokua, ni yeye aliyekuja kunipikia uji na kufua nepi kila nilipojifungua. Sikuwahi kumwita dada wa kambo. Nilimwita dada, basi.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna mahindi, Baba alituacha.

Kazi ya kitabu ilinijia mimi. Ingemwendea nani mwingine? Mama aliniita chumbani, akafunga mlango, akaniambia niandike mke mmoja na watoto watano. Alisema Baba alimwaibisha vya kutosha akiwa hai, asije akamwaibisha tena akiwa ndani ya jeneza. Kisha akalia. Nami sikuwahi kumwona Mama akilia vile...

Sitawadanganya kwamba nililazimishwa. Niliona ni rahisi kumfuta Naliaka kuliko kuketi pale nikimtazama Mama akilia. Nilirudi Kitale nikaandika alivyotaka.

Wiki hiyo mashine yetu kubwa ilikuwa imeharibika, kwa hivyo kazi nyingi tulikuwa tunazituma kwa fundi mmoja wa kuchapa mjini Bungoma. Jumanne asubuhi nilimtumia faili kwa WhatsApp. Niliipa jina Kitabu cha Baba. Nikamwambia aiangalie tu rangi zake, asichape mpaka nimwambie.

Jumatano ukoo ukakutana nyumbani Kamukuywa. Dada mkubwa wa Baba, tunayemwita Senge, alisikia minong'ono kwamba nyumba ya Kiminini haitatajwa. Shangazi huyo mzee alisimama na fimbo yake, akatuangalia mmoja mmoja.

"Huyu mutoto ni damu ya ndugu yangu," akasema. "Nani anataka kumuficha? Kama hayuko kwa kitabu, basi hata mimi munitoe!"

Kwetu kitabu cha mazishi si mchezo. Watu hukiweka sandukuni miaka na miaka, na siku ya kugawana shamba ndicho kinachotolewa ili ijulikane nani ni mtoto wa nani. Mtoto asiyetajwa mbele ya jeneza la baba yake ataulizwa maisha yake yote alitokea wapi. Mama alijua hivyo. Akakubali. Senge akaongeza kwamba Naliaka mwenyewe ndiye atakayesoma wasifu siku ya mazishi, ili kila mtu amwone na amsikie.

Naliaka alinikumbatia akilia kwa furaha. "Dada, nilikuwa naogopa ati nitakaa nyuma na majirani," akaninong'oneza.

Sikumwambia kwamba kitabu kisichokuwa na jina lake kilikuwa tayari kimefika Bungoma. Nilijiuliza, kwa nini nimuumize bure, na kesho nitakirekebisha?

Na kweli Alhamisi nilikirekebisha. Niliandika jina la mama yake, nikaandika jina lake, nikaweka hata picha yake akiwa mdogo amebebwa mabegani na Baba. Nikaihifadhi kazi hiyo kwa jina jipya, Kitabu Kipya. Nilijisikia mtu mwema kabisa!

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi mnaofanya kazi kama yangu. Ile programu tunayotumia kupanga kurasa ina tabia mbaya. Ukichukua kazi ya zamani, ukaibadilisha na kuihifadhi kwa jina jipya, ukifika wakati wa kuitoa kama PDF ya kwenda kuchapwa haikuletei lile jina jipya. Inakuletea jina la PDF uliyotoa mara ya mwisho! Ni lazima ulifute kwa mkono wako uandike linalofaa. Bosi wangu alinionya wiki yangu ya kwanza kazini, na mimi nimewapigia kelele wengi juu ya jambo hilohilo.

Jina la zamani likaja, Kitabu cha Baba. Nililiona! Macho yangu yalisoma kila herufi. Lakini simu ilikuwa inaita, Mama alitaka kujua sufuria za kupikia wageni zitatoka wapi, na nikasema moyoni kwamba jina la faili si kitu, la muhimu ni kilichomo ndani. Nikabonyeza. Nikaituma Bungoma na maneno mawili tu: "Chapa hiyo."

Hiyo ipi? Sikusema...

Fundi aliona faili mbili zenye jina moja. Akadhani nimetuma ileile mara mbili, jinsi watu hufanya mtandao ukisumbua. Akachapa ile ya Jumanne, ambayo alikuwa ameshaifungua. Kaka yangu Wanjala akalichukua boksi Jumamosi asubuhi, siku ya mazishi, likiwa limefungwa vizuri, akalileta moja kwa moja hadi nyumbani. Lilifunguliwa mchungaji akiwa tayari amesimama. Vitabu vikapita mkono kwa mkono chini ya mahema, na mimi niliyekipanga sikuona haja ya kufungua changu.

Naliaka aliitwa mbele. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amesuka vizuri. Akashika kipaza sauti, akasoma mahali Baba alipozaliwa, shule aliyosoma, mashamba aliyofanyia kazi. Akafungua ukurasa wa familia.

"Marehemu alikuwa mume wa mke mmoja..."

Sauti ikakatika. Akafunua ukurasa unaofuata, akarudi nyuma, akafunua tena. Ndipo nilipofungua changu. Jamani... kilikuwa kile cha Jumanne!

Nilidhani atakitupa. Nilimwomba Mungu ili Naliaka aongeze jina lake kwa mdomo tu, nani angemzuia? Hakuongeza. Alisoma majina yetu sisi watano, moja baada ya jingine, langu likiwemo, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Na hao ndio watoto wa marehemu," akamaliza kama nilivyoandika. Akampa mchungaji kipaza sauti, akamshika mama yake mkono, wakatoka nje ya boma kabla ya udongo kumwagwa.

Senge aliponigeukia, nilifanya nini? Nilisema fundi wa Bungoma amechanganya faili. Watu wakamlaani mtu wa watu, nami nikaitikia kwa kichwa!

Jumatatu Naliaka alienda Bungoma mwenyewe, na fundi akamwonyesha simu yake. Kulikuwa na faili ya Jumanne na faili ya Alhamisi, zote kutoka kwangu. Akanipigia hapohapo.

"Nekesa, hii ya Jumanne ni wewe uliandika?"

Tangu utotoni hakuwahi kuniita kwa jina. Nikaanza kumweleza habari za programu, jina la zamani, simu ya Mama...

"Sijauliza mambo ya jina la faili. Nimeuliza, ya Jumanne ni wewe uliandika?"

Nikasema ndiyo. Akakata simu.

Nililia mpaka nikaacha kula. Baadaye nilimwomba fundi msamaha, na akanisamehe haraka kuliko nilivyotarajia. Kisha nikachapa upya kile kitabu kizuri, chenye picha ya mabegani, nikabeba nakala arobaini hadi sokoni Chwele, ambako Naliaka huuza vitunguu. Hakunifukuza. Alijipangusa mikono, akasoma ukurasa wa familia taratibu, akaigusa ile picha. Nikadhani amelainika.

Halafu akanirudishia.

"Ni kizuri," akasema. "Lakini nitasomea nani? Watu wa Baba walishasikia. Na ni mimi niliwasomea."

Akageuka kumhudumia mteja. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu, na wanangu wananiuliza kwa nini mama yao mdogo haji tena.

Wasomaji wenzangu, ukiona jina la faili si lake, lifute, andika linalofaa, hata kama simu inaita na wageni wako mlangoni. Nimelipa sana kwa kulijua hilo. Ila nisijifiche nyuma ya kompyuta. Kosa langu halikuanza Alhamisi nilipobonyeza, lilianza nilipokubali kukiandika kile kitabu cha kwanza. Nawasihi kwa machozi, mkiombwa kumfuta mtu ili mzazi wenu aache kulia, kataeni. Mwacheni alie. Mama yangu alinyamaza siku ileile, nami sina dada.