Kadi Isiyonukia Udi

"Pilau imeungua," mkuu wake wa upelelezi alisema kwenye simu. "Meli inang'oa nanga saa nane."

Saleha akakata simu. Maana yake aliijua: kuna mtu kaichezea mashine ya kutabiri tufani.

Land Rover ikatoka Nguvumali mbio. Ndani ya mkoba, bastola ya Beretta. Ndani ya meli, Sadalla, kaka yake, shahidi pekee wa kesi ya magendo ya pembe za ndovu. Wenye magendo wangefurahi sana afe maji, bila risasi, bila maswali.

Raskazone, jumba zima la mashine lilikuwa likinguruma. Mashine ile ilichambua habari za upepo zilizoletwa kwa redio na meli za mbali, ikifuata kadi za amri alizozitoboa Saleha mwenyewe, tundu kwa tundu. Mjini walimjua kama mpiga taipu tu, na wacha wamjue hivyo hivyo.

"Shwari kabisa, dada," alisema Kristofa, mtunza mashine, akimpa karatasi. "Tufani inakwenda zake Msumbiji. Nahodha keshapewa ruhusa."

Shwari gani, na barometa ukutani inaporomoka?

Saleha akabeba bunda la kadi. Angezisoma moja moja, meli ingekuwa imeshafika nje ya bandari.

Akazinusa.

Kila Ijumaa alizifukiza udi pamoja na kanga zake, zisishike ukungu wa pwani. Kristofa, mtu wa bara, alidhani ni mapambo ya kike tu.

Moja haikunukia.

"Mikono juu, Kristofa."

"Unanionea, dada."

"Koti lako linanukia udi. Umeoa lini?"

Mkono wa Kristofa ukazama kwenye koti. Beretta ikalia. Bastola yake ikaanguka sakafuni, naye akashika bega akigugumia.

Mfukoni mwake ilikuwamo kadi halisi. Alipanga kuirudisha bundani baada ya meli kuzama, asijulikane.

Saleha akaipachika mahali pake, akaiendesha mashine upya. Karatasi ikatoka: tufani ilikuwa ikielekea Pemba, moja kwa moja kwenye njia ya meli.

Akanyakua redio.

"Bandari, Bandari. Simamisha meli. Narudia, simamisha meli."

Redio ikakwaruza. Saleha akawapigia askari simu, Beretta ikimlenga Kristofa.

"Imerudi gatini," hatimaye akajibu Kombo wa bandarini. "Kaka yako amekasirika. Anauliza nani kamkatizia safari."

Saleha akavuta pumzi, machozi yakimlengalenga.

"Mwambie mpiga taipu."

Askari walipofika, akawaachia Kristofa wao, akajitanda kanga yake na kutoka. Nje, upepo ulishaanza kupigapiga madirisha.