Taa Baridi za Mudathir

Migomba mitatu ilikuwa imelala juu ya boneti na mimi bado nimeshika usukani, nikimweleza Mudathir ubora wa taa za LED. Placidia, mwenye kibanja cha migomba tulichokivamia, alinijia dirishani na kanga yake ya kulalia, panga mkononi. Alfajiri hiyo Kimuli yote ilikuwa ndani ya ukungu, na taa zetu mpya zilikuwa zimeumulika ukungu huo vizuri mno: mbele yetu palisimama ukuta mweupe, safi, unaong'aa, na nyuma ya ukuta barabara ilikata kona bila kunitaarifu.

"Waitu, baba," Placidia alisema, kwa neno la heshima la huku na upole ulioniuma kuliko panga, "hizo taa zinakuonyesha nini?"

"Zinaonyesha mbali sana, mama."

"Ila migomba haziioni."

Mudathir alicheka mpaka akashika mbavu. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba hatacheka tena kwa siku tisa.

Kosa ni langu, kwa hiyo nilieleze mwenyewe. Mimi Cleophace nimekuwa utingo mpaka Lubumbashi, nimeosha magari Mombasa, nimekaa Kampala miaka minne nikijifunza ufundi ambao sikuumaliza, na kote huko nimeokota maneno mengi kuliko ujuzi. Rafiki yangu Mudathir ana duka la misumari na mabati hapa Kimuli. Babu yake alitoka Pangani, akaoa huku, akasahau kurudi. Pikapu aliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Wakati wa kukabidhi funguo mzee alisema jambo moja tu: taa za mbele msizibadilishe, gari limezizoea.

Zilikuwa halojeni za zamani, njano kama kiini cha yai la kienyeji. Ukiziwasha, baada ya dakika chache kioo kinashika moto na pikapu nzima inanukia udi. Mudathir alidhani ni manukato ya mzee yaliyoganda kwenye viti.

"Ndugu yangu," nilimwambia mbele ya wateja wake, maana nikipata wasikilizaji sijizuii, "halojeni ni jiko, si taa. Inakula betri, na umeme mwingi unaishia kwenye joto. Zenoni ina nguvu, lakini inaamka polepole kama mgonjwa, bluu kwanza, nyeupe baadaye, na ina kisanduku chake ambacho kikifa hapa Kimuli humpati wa kukifufua. LED inawaka papo hapo, inadumu, na joto lake inalitupa nyuma kwenye kifeni. Mbele unaweza kuegemeza shavu. Baridi!"

Nililirudia neno hilo, baridi, kama muuza soda.

Nilipozitoa globu za zamani nikaona kitu cheusi, kinanata, kimebandikwa kuzunguka shina la kila moja. Nikakikwangua kwa bisibisi, nikakitupa. Kilinukia vizuri. Globu nikazitia mfukoni, kwa sababu situpi kitu kinachowaka.

Mchana wa siku ile ya migomba, Samiha, mke wa Mudathir, alikuwa akipika ndizi na maharage kwenye jiko la kuni nyuma ya nyumba. Akaona moshi haupandi. Ulitoka kwenye mafiga, ukainama, ukaelea kwa usawa wa kiuno cha mtu mpaka kwenye kona tupu, na pale konani ukaishia. Hapakuwa na tundu. Ulikuwa ukiingia mahali, kidogo kidogo, kwa vipindi, kama maji yanavyopita kooni.

Akamwita mumewe.

"Upepo," Mudathir alisema.

"Upepo gani unakwenda konani na kubaki huko?"

Siku ya pili nyumba ilinukia udi, na Samiha hakuwa amechoma udi tangu Idi. Ulikuwa kwenye mashuka. Ulikuwa kwenye unga. Siku ya tatu Mudathir alitoka jua halijachomoza, akakuta vioo vya taa vimeshika umande. Si ajabu: kioo ni baridi, asubuhi ni baridi, na hakuna joto la halojeni la kuukausha. Akapitisha kitambaa. Haukufutika. Ulikuwa kwa ndani, na katikati yake palikuwa na duara dogo linalopanuka na kusinyaa, linapanuka na kusinyaa, kama mtu aliyefungiwa humo ameweka mdomo kwenye kioo na anapasha viganja joto kwa pumzi.

Akanipigia simu. "Kaka Cleo, hizi taa zako zinapumua?"

"Ni unyevu huo," nilimjibu nikiwa kitandani. "Mpira wa nyuma haujakaa sawa."

Kesho yake vioo vilikuwa vikavu kabisa. Kilichokuwa humo kilikuwa kimekata tamaa na kioo.

Ndipo Samiha alipoanza kusimama jikoni. Chakula kimeiva, sufuria imeepuliwa, yeye bado amesimama, ameinamia kuni, mdomo wazi, na moshi ukimwingia bila kumkohoza. Mudathir akimwita, anageuka baada ya muda, kama mtu aliyeitwa kutoka nyumba ya tatu. Jirani akashauri afukize udi na asome, na Mudathir akafanya hivyo, asubuhi na jioni, chetezo chini ya kiti cha mkewe na Ayatul Kursi mdomoni. Samiha akatulia. Akatabasamu. Mudathir akaona dawa inafanya kazi, akazidisha udi, akafukiza chumbani, akafukiza ukumbini, mpaka siku ya saba mkewe alipomshika mkono kumshukuru, na vidole vyake vinne vikaacha malengelenge manne kwenye ngozi.

Siku ya tisa tuliletewa Bi Maua, mganga wa mashetani, kutoka Songambele. Alishuka kwenye bodaboda na kikapu chake, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, akasimama kizingitini akinusa.

"Shikamoo, Bi Maua."

"Marahaba. Nani kafukiza humu?"

"Mimi," alisema Mudathir.

"Unamfukuza mgeni kwa kumpakulia?"

Alikaa chini mbele ya Samiha, akakifunika chetezo kwa sahani. Samiha akaanza kutetemeka, kwanza vidole, halafu mabega, halafu meno.

"Umetoka wapi?" Bi Maua aliuliza taratibu, kama anayeuliza mgeni halisi.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya Samiha, ila imekauka, kama karatasi iliyosahauliwa juani. "Sikutoka. Nilitolewa."

"Ulitolewa wapi?"

"Kwenye joto langu. Nilikuwa na joto langu na chakula changu. Wameweka jicho jeupe. Halina joto. Nina baridi."

Bi Maua akatugeukia. Tukamweleza habari za taa, nusunusu, tukinong'ona. Alipouliza ni nani aliyeukwangua udi wa mzee kwenye globu, Mudathir alininyooshea kidole.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Bi Maua, muulize, zenoni je? Ile nayo inapata moto kiasi."

Shingo ya Samiha ikageuka. Mabega hayakugeuka.

"Wewe," ilisema ile sauti. "Wewe ndiye mwenye bisibisi."

Nilijificha nyuma ya Bi Maua, ambaye ananifika kifuani.

"Sikilizeni," Bi Maua alisema chinichini, bila kumwondolea Samiha macho. "Mtu asiye na kwao anatafuta kwao. Akila ndani ya nyumba siku tisa, nyumba ni yake na huyu mwanamke ni kiti chake. Jua la leo likizama, mimi sina kazi tena hapa. Hizo globu ziko wapi?"

Sikumbuki jina la kijana wa bodaboda aliyenikimbiza nyumbani, nakumbuka tu nilimshika kiunoni kama mchumba. Suruali yangu ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa. Nikaipapasa mifuko, mitupu. Mke wangu Joanitha akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. "Nilijua hutazikumbuka," akasema. Sikuwa na muda wa kumwambia alichokiokoa.

Tuliporudi jua lilikuwa limegusa kilima. Mudathir alizing'oa LED, akazipachika zile za zamani, na Bi Maua akabandika udi mpya kwenye mashina. Samiha tukamleta nje, tukamkalisha kwenye kigoda mbele ya pikapu, na kila nilipomgusa mkono ilikuwa kama kugusa birika. Mudathir akawasha. Njano hafifu ikamwangukia mkewe usoni.

Hakikutokea kitu.

"Subirini," Bi Maua alinong'ona. "Ipate joto."

Tukasubiri, jua likiliwa kidogo kidogo na kilima, Mudathir akisoma na kukosea na kuanza upya, kioo kikikataa kushika moto kwa sababu upepo wa jioni ulikuwa ukikipuliza, mpaka nikavua koti langu nikalitandaza kama pazia pembeni ya taa na kusimama pale nikitetemeka, na ndipo harufu ilipokuja, nyembamba kwanza, halafu nzito, na Samiha akafungua mdomo kuliko mdomo unavyofunguka, na ndani yake ukaanza kutoka moshi, moshi wa kuni, wa mkaa, wa udi, moshi wote alioumeza siku tisa, haukupanda wala haukutawanyika bali ulinyooka kama kamba iliyovutwa, ukapita chini ya kwapa langu, wa moto, na ulipokuwa unapita nilisikia kwa sikio langu hili la kushoto mtu akivuta pumzi ndefu ya raha, kama anayeingia kitandani kwake baada ya safari, na kamba ile ikaingia kwenye taa, ikaisha, na juu ya kilima hapakubaki hata ukucha wa jua.

Samiha aliinama. "Nasikia baridi," akasema.

Mudathir alipiga ukelele. Bi Maua akamshika Samiha kiganja, akakipima, akakiweka shavuni kwake. "Baridi ya Kimuli hiyo. Mletee mkeo shuka."

Wiki iliyofuata Fidele, mkulima wa kahawa wa Ihembe, alikuja kuliangalia gari alinunue. Mudathir alikuwa amechoka nalo, na nani angemlaumu? Kila jioni ilimbidi awashe taa, abandike kipande cha udi, na akae pale mpaka kioo kishike moto, na siku aliyochelewa kidogo tu, moshi wa jikoni ulianza kuinama. Fidele alilizunguka, akapiga matairi teke, akalipenda. Mkewe alikuwa amejifungua juzi, alitaka gari la kumwahisha kliniki. Ila hizi taa za kizee, alisema, angezitoa siku hiyohiyo, watu wote siku hizi wanafunga LED. Kisha akaenda hotelini kunywa chai, atuache tushauriane.

"Tumwambie?" Mudathir aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ukimwambia, anaondoka na bodaboda aliyojia."

Hatukujua kwamba Samiha yuko mlangoni, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Nilikuwa nasikia kila kitu," alisema. "Siku zote zile. Nilikuona, Mudathir, unalia, nikataka kukujibu, mdomo si wangu. Yule ana mke mwenye kichanga. Mwambieni."

"Shemeji," nikasema, "tukimwambia, hili gari halinunuliwi."

"Basi lisinunuliwe," alisema, na Mudathir akaelekea hotelini kumwambia Fidele.