Boma la Ogada na Kamba za Mafunjo

Kwa miaka sita Ogada na mkewe Dorsila walikaa katika kibanda kimoja, ndani ya boma la baba yake karibu na Otonglo. Watoto wakafika watatu. Kibanda hakikuongezeka hata shibiri. Ukinyoosha mguu, unakanyaga sufuria. Ukigeuka, unampiga mtoto kiwiko.

Kila asubuhi Ogada alitembea hadi Kisumu, kwenye kinu cha pamba, ambako alipima magunia. Kila jioni alirudi na neno lile lile.

"Mama Leah, mwaka huu tunahama."

"Hata mwaka jana ulikuwa mwaka huu," Dorsila alimjibu, huku akigeuza ugali.

Lakini mwaka wa 1934 maneno yakawa kweli. Ogada alinunua mabati, moja moja, mpaka yakatosha paa zima. Akakata miti. Akachagua kiwanja kwenye mwinuko, mahali unapoliona ziwa. Dorsila alipoona mabati yamepangwa nje, aliimba kutwa nzima. Hata majirani walimwomba apumzike kidogo.

Sasa, kwa Wajaluo kuanzisha boma si jambo la kuamka tu ukachimba shimo. Asubuhi baba mzazi anakutangulia kiwanjani. Wewe unabeba shoka na jogoo, mke anabeba moto. Ndugu na majirani wanakuja kujenga. Na nyumba ile inasimama siku hiyo hiyo! Udongo wa kuta unaweza kusubiri. Lakini jua likitua paa halipo, siku hiyo imeharibika, na itabidi itafutwe nyingine.

Hapo ndipo roho ya Ogada ilipokuwa juu juu. Baba yake, Mzee Obura, alikuwa mgonjwa wa kifua. Siku ya kujenga walimleta kwa gari la ng'ombe, amefunikwa blanketi, ingawa asubuhi ilikuwa ya joto. Alitembea hatua zake chache kiwanjani, akaonyesha kwa fimbo mahali pa nyumba, kisha akakaa kitini akitweta. Ogada alimwangalia akajua: siku nyingine, baba huenda asiwepo.

Kazi ikaanza kwa nyimbo. Msimamizi alikuwa Nyangweso, kaka mkubwa wa Ogada. Nyangweso alikuwa amejenga nyumba za nyasi kuanzia Otonglo mpaka ufukweni, na hakuacha mtu asahau jambo hilo. Nguzo zilisimama mapema. Lakini nyumba hii ilikuwa ndefu kuliko zile za nyasi. Kufika juu kulihitaji jukwaa, yaani miti iliyosimamishwa na kufungwa pamoja, na mbao za kukanyaga juu yake.

Nyangweso alilifunga jukwaa kwa kamba za mafunjo. Alikuwa ameyakata ziwani jana yake, yakiwa mabichi, laini, yanapinda vizuri.

"Kaka, hatuhitaji kamba ya katani?" Ogada aliuliza.

"Katani kafungie magunia yako," Nyangweso alisema. Watu wakacheka. Ogada naye akacheka, akaenda kubeba mbao.

Ilipofika saa nne, jua lilikuwa kali kwelikweli. Wanaume wanne walikuwa juu, wakipigilia boriti. Chini yao, kwenye kivuli cha jukwaa, Dorsila na wanawake wenzake walikuwa wakipika chai. Aliyetaka nyundo alirushiwa nyundo. Mbao zenye misumari zilitupwa popote, na watu walitembea miguu mitupu.

Ndipo akafika Gurdial Singh, seremala wa mjini, na mlango mpya wa nyumba hii juu ya gari lake. Alikuwa mtu wa kilemba cheupe na maneno machache. Hakusema habari ya mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye jukwaa, akashika nguzo kwa vidole viwili, akaitikisa. Jukwaa zima likacheza.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi," Nyangweso akajibu kutoka juu.

"Shuka, Bwana. Shukeni wote, polepole."

Watatu wakashuka. Nyangweso hakushuka. Kuambiwa na mgeni, mbele ya watu, mbele ya baba yake!

"Hili jukwaa linabeba ng'ombe," alisema. Kisha, ili aonyeshe, akaruka akaukanyaga ubao kwa miguu yote miwili.

Fundo likateleza. Ubao ukapinduka. Nyangweso akadaka boriti, akaning'inia, miguu inapiga hewa. Nyundo yake ikaanguka ikatoboa sufuria ya chai, pale pale Dorsila alipokuwa ameinama punde tu kabla ya hapo. Watu wakapiga kelele. Ogada na Gurdial wakakimbia wakamshika Nyangweso miguu, wakamshusha. Alikuwa mzima, ila kifundo cha mguu kilichogongwa na ubao kilianza kuvimba.

Ogada alitazama jua. Kichwani alikuwa na neno moja tu: paa.

"Fungeni hapo palipolegea," alisema. "Tuendelee. Jua halitungoji."

Dorsila akaokota sufuria, akaiinua. Chai ilikuwa ikivuja kwenye tundu.

"Baba Leah, tazama hapa. Kichwa changu kilikuwa hapa! Mimi nimekuja kulala kwenye nyumba, sikuja kulala matanga. Mtu akifa leo, nani atakaa katika boma hili? Wewe?"

Ogada aliona haya mpaka masikioni. Aligeuka kwa baba yake, kama mtoto aliyevunja mtungi.

Mzee Obura alikohoa kwanza. "Mimi nitalingoja paa," alisema. "Sina safari leo."

Basi Ogada akamwendea Gurdial. "Fundi, tufundishe. Tufanye nini?"

Gurdial alichukua kipande cha kamba iliyolegea, akakipitisha kwa watu wakishike.

"Mafunjo mabichi yana maji ndani," alisema. "Asubuhi mnafunga, fundo limekaza. Jua linakausha maji, kamba inasinyaa. Kwa macho fundo lipo, lakini halishiki kitu."

"Babu zetu walifungia haya haya," mzee mmoja alinung'unika.

"Nyumba ya nyasi, ndiyo. Nyepesi, fupi. Je, babu yako alisimama juu ya fundo, yeye na wenzake watatu na boriti?"

Mzee akafikiri. "Hapana. Alisimama chini."

Garini mwa Gurdial kulikuwa na bunda la kamba ya katani iliyokauka vizuri. Wakaanza upya. Kila nguzo ya jukwaa ilichimbiwa shimo, ikashindiliwa kwa mawe. Kila fundo lilizungushwa mara nyingi, likakazwa. Mbao zilifungwa ncha zote mbili, zisipinduke. Ngazi nayo ikafungwa juu na chini. Kisha Gurdial akatikisa kila nguzo, na safari hii hakuna kilichocheza.

"Sasa watu wa chai," akasema. "Akina mama, hamisheni moto. Chini ya mtu anayefanya kazi hapakaliwi. Nyundo haina macho."

"Nimekwisha kuiona," Dorsila akajibu, na wanawake wakacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Wakahamisha moto mbali. Vifaa vikapandishwa kwa kikapu kilichofungwa kamba, hakuna tena kurushiana. Nyangweso, aliyekaa chini mguu umefungwa kitambaa, alipewa kazi ya kukusanya mbao na kupinda misumari yote iliyochomoza. Aliifanya vizuri.

Saa sita ilikuwa imepita walipopanda tena. Ogada alihesabu mabati, akatazama jua, akahesabu tena.

Kisha upepo wa ziwani ukaanza, kama kila siku mchana. Vijana wawili walikuwa wamebeba mabati matatu kwa pamoja ili kufidia wakati. Upepo ukaingia chini ya mabati, ukawayumbisha vijana mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Yalazeni chini!" Gurdial alipaza sauti. "Moja, moja! Bati moja lipande, lipigiliwe misumari, ndipo la pili lifuate. Bati likiruka linakata mtu shingo."

"Tutachelewa, Fundi," Ogada alisema.

"Je, tangu mchana umeshuka kuokota nyundo mara ngapi?"

Ogada akafikiri. Hakushuka hata mara moja. Asubuhi walishuka kila mara: nyundo imeanguka, mtu amekanyaga msumari, ubao umehama. Sasa kila mtu alisimama imara mahali pake, mikono yote miwili inafanya kazi. Nyimbo zikarudi. Bati moja, misumari, bati jingine.

Bati la mwisho lilipigiliwa jua likiwa bado na urefu wa fimbo moja juu ya ziwa. Ogada alishuka ngazi kinyumenyume, taratibu, kama alivyofundishwa. Akakanyaga ardhi. Alikaa chini akalia kwa furaha, wala hakuficha uso.

Dorsila aliingia na moto wake. Mzee Obura akaingia nyuma yake, akiegemea bega la Nyangweso, na Nyangweso naye akichechemea. Wakawa wagonjwa wawili wanaosaidiana. Mzee alitazama juu, kwenye mabati.

"Mlikuja wangapi asubuhi?" akauliza.

"Thelathini na mmoja, Baba."

"Na sasa mko wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Basi boma limesimama," alisema, akaomba chai. Chai hakuna, wakamwambia, sufuria imetoboka. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Mzee Obura aliishi mpaka mavuno mawili yakapita, na mara nyingi alikuja kukaa mlangoni pale akitazama ziwa.

Tangu hapo mtu wa Otonglo akitaka kuanzisha boma lenye paa la mabati, anatafuta jogoo, anatafuta shoka, kisha anapita kwa Ogada kuazima kamba ya katani. Kamba haiendi peke yake. Inakwenda na Nyangweso. Kabla mtu yeyote hajapanda, yeye huzunguka jukwaa lote akitikisa nguzo moja baada ya nyingine. Kama kuna mwenye haraka, humwonyesha kifundo cha mguu wake. Wakishamaliza kumcheka, wanangoja mpaka amalize kutikisa ya mwisho.