Dada Aliniacha Bandarini na Furushi Lake

Umri wangu umepita miaka themanini. Macho yananiibia, magoti nayo yamegoma, lakini majina... jina sisahau hata moja. Mjukuu wangu Edina ndiye aliyeniambia, "Bibi, andika, wasichana wasome." Basi nimeandika. Mkiona maneno yanayumba mnivumilie, shule yangu ilikatika njiani. Ilikatikaje? Ndiyo haya ninayotaka kuwaambia, wasomaji wenzangu.

Naitwa Apolonia, mzaliwa wa Kagoma, huku Muleba. Miaka ile alikuwa anatawala Mwingereza, na vita vya Hitler vilikuwa vimekwisha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma shule ya bweni ya watawa. Kichwa nilikuwa nacho! Mtawa mkuu alikwisha kumwambia baba kwamba likizo ikiisha, naanza masomo ya ualimu. Baba yangu, Ta Rwechungura, alilitangaza jambo hilo kila mahali palipokuwa na lubisi. Ukinywa naye pombe ile ya ndizi, utasikia tu, binti yangu mwalimu, binti yangu mwalimu...

Lakini Bukoba nilikuwa sijafika. Wenzangu shuleni walikuwa wakisimulia maduka ya Wahindi na meli, mimi nanyamaza kama bubu.

Dada Konsolata, binti wa baba mkubwa, alilijua hilo.

Konsolata aliolewa na Ta Kamugisha, mtu mwenye kibanja kikubwa, migomba mpaka bondeni. Na mkono mwepesi! Ndizi zikiungua, kipigo. Akichelewa kisimani, kipigo. Siku moja alimrushia jembe, likamchana kisigino. Kovu lake lilikuwa refu, jeupe, limejikunja kama mnyoo. Wazee walikaa kikao, Ta Kamugisha akatozwa debe la lubisi, wakalinywa pamoja naye, na Konsolata akarudishwa jikoni. Hiyo ndiyo ilikuwa haki ya mwanamke siku zile!

Ilikuwa likizo, mvua zinanyesha, wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa. Konsolata akaja kwetu akapiga magoti mbele ya baba. Akasema mume wake amemruhusu kwenda Bukoba kununua nguo, ila asiende peke yake. Akaomba nimsindikize, nipate kuuona mji. Tutakwenda asubuhi na lori la kahawa la Yusufu, na jioni tutarudi na lori hilohilo.

Baba alifikiri, akakubali. Mwanamke aliyefuatana na mtoto wa shule ya watawa, nani atamshuku?

Niwaeleze kidogo. Miaka ile wanawake wengi wa Kihaya walikuwa wakitoroka waume. Wanapanda meli pale Bukoba, wanakwenda Kampala, wengine mpaka Nairobi. Wanaume waliona aibu, wakaweka walinzi bandarini. Mwanamke wa Kihaya akionekana pale na furushi, bila mwanamume, anakamatwa na kurudishwa kwao mbele za watu. Mimi hayo nilikuwa nayasikia kama hadithi ya fisi. Yanihusu nini mimi mwanafunzi?

Siku ya safari nilivaa sketi yangu ya shule. Nilipompitia Konsolata nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba, kwenye makaburi ya wazee, ameshika mgomba kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Nikamwita. Hakuitika. Nikamwita tena, akageuka akicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Tulipopita kwetu, bibi yetu, Ma Kokugonza, alikuwa mlangoni. Alimtazama yeye, akalitazama furushi lake, akasema kwa Kihaya kwamba anayekwenda kununua nguo hatoki nazo nyumbani. Konsolata akamjibu kuwa ni za kumpelekea fundi. Bibi akamgeuzia mgongo. Aliingia ndani akafunga mlango... asubuhi ile yote, jua limetoka!

Laiti ningebaki na bibi yangu!

Bukoba, wasomaji, niliipenda. Sitawaficha. Niliyaona mabati yanameta mpaka nikafumba macho. Niliwaona mafundi wa cherehani barazani, miguu inakwenda kama wanakimbia na hali wamekaa. Ziwa nililolizoea kwa mbali, leo nililigusa kwa mkono. Lilikuwa na rangi ya jivu na mawimbi yalikuja mfululizo, moja juu ya jingine, kama yanafukuzwa. Na kule gatini ilisimama meli, inatoa moshi. Konsolata hakutazama kingine chochote.

Akanipeleka mtaa wa Miembeni, nyumbani kwa mama mmoja Mwislamu aliyeitwa Bi Zuhura. Alitupa chai na chapati, akanitania sana. "Nyie wa Kagoma mkikosa ndizi siku moja si mnazimia? Haya kula, mwalimu, usije ukanifia hapa!"

Nilicheka. Konsolata hakugusa chakula.

Kisha Bi Zuhura akatoa kitu cheusi kilichokunjwa, akampa Konsolata, akanionyesha mimi kwa kidevu. "Na huyu je?"

"Huyu anarudi," akasema Konsolata.

Maneno mawili tu. Na mimi mjinga nikafurahi! Niliona wananijali, hawataki nichelewe lori. Kwa nini sikuuliza, na wewe dada?

Tulipotoka, Konsolata alinunua senene waliokaangwa, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Nilidhani anampelekea mume. Maana siku zile kwetu mwanamke hali senene, ni mwiko. Atawakamata, atawanyonyoa mabawa, atawakaanga, kisha atampelekea mume na kutazama pembeni. Basi Konsolata akafungua lile jani palepale njiani, mchana kweupe, akawatia mdomoni. Akatafuna! Watu wanapita! Nywele zilinisimama.

"Mawe, mama wee! Dada, mwiko!"

"Mwiko wa nani? Onja. Huu ndio utamu wanaotunyima."

Akanitia mmoja kinywani. Alikuwa mtamu, ana mafuta na chumvi. Nikaogopa, na huku nikataka mwingine.

Tukateremka mpaka karibu na gati, tukakaa kwenye jiwe. Konsolata akavua hereni zake akanivika. Akanifunga kanga yake mpya juu ya sketi yangu, nyingine akanifunika kichwani. Akaniambia leo niwe mwanamke wa mjini, anione nilivyo mzuri. Akaniwekea furushi mapajani, na lile jani la senene juu yake. Akasema anakwenda haja, anarudi sasa hivi.

Alinishika shavu. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama wa maiti.

Nikakaa. Nikangoja. Walinzi walikuwa wawili, nawaona wananitazama, wananong'ona. Nikatazama chini kwa haya, na hilo nalo likawa kosa, maana mwenye hatia ndivyo anavyotazama.

Wakapita akina mama wa Kiislamu wamevaa mabuibui, wamejifunika mpaka machoni, wanakwenda kupanda meli. Walinzi wakawapisha kwa heshima. Mmoja wao alipandisha buibui kidogo apate kuvuka dimbwi... nikaona kisigino. Kovu refu, jeupe, limejikunja kama mnyoo.

Kabla sijapumua, mkono ulinidaka bega.

Aliyenishika ni mlinzi aitwaye Laurenti. Mwenzake mwenye fimbo, Ishengoma, akasema: "Ee mama, safari ya Kampala imeishia hapa!"

Nikalia, nikasema mimi mwanafunzi. Wakafungua furushi. Gauni, mafuta ya kujipaka, marinda, viatu vya kike. Ishengoma akainua lile jani.

"Mwanafunzi mwenye hereni? Mwanafunzi anayekula senene? Hebu pangusa mdomo kwanza, mafuta hayo!"

Watu wakacheka. Nikanyoosha kidole nikapiga kelele, mwenye furushi ni yule, yule wa buibui, ni dada yangu Konsolata! Laurenti akanipiga kofi. Akaniuliza kama nataka wamfunue mke wa watu, mama wa Kiislamu, wapigwe na Miembeni nzima? Yule mwanamke hakugeuka. Alipanda, akaingia ndani. Meli ikalia, ikaondoka na dada yangu, mimi nimeshikwa mikono miwili kama mwizi wa kuku.

Nilirudi Kagoma na lori lilelile la Yusufu, walinzi wamekaa huku na huku. Nikamwomba Yusufu aseme ukweli. Akasema, na hakudanganya, kwamba asubuhi tulikuwa wawili. Basi likawa jipu juu ya kidonda! Wakasema kumbe huyu ndiye aliyemtorosha mwenzake. Tulipofika sokoni Muleba walinisimamisha juu ya magunia, nimevikwa zile kanga, watu wanione. Wanawake walinifichia nyuso. Hata Paskazia niliyelala naye kitanda kimoja bwenini aliinamisha kichwa akajifanya anachagua maharage.

Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alikaa kwenye kigoda akanitazama, akasema ameshasikia. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Bibi peke yake aliniamini, lakini neno la bibi kizee lina uzito gani mbele ya wanaume waliojionea furushi?

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa miguu. Habari ilinitangulia. Mtawa mkuu alinipokea langoni, hakunikaribisha ndani. Alisema atanikumbuka katika sala. Lango likafungwa.

Msidhani yaliishia hapo. Ta Kamugisha alikuja kwa baba na wazee wa ukoo wake. Alidai mke ametoroka, na aliyemtorosha ni binti wa ukoo uleule, kwa hiyo ukoo umpe mwingine. Wakakaa, wakanywa lubisi, wakakubaliana. Nikapelekwa kwenye nyumba ile, kwenye kitanda kilekile, kwa mkono uleule mwepesi. Jembe lile lilikuwa bado limeegemea ukutani...

Niliishi naye mpaka nilipomzika. Nilizaa, nikalea. Herufi nilizokuwa nazo niliwafundisha wanangu kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Huo ndio ualimu wangu.

Miaka mingi baada ya Uhuru, Konsolata alirudi. Alikuwa amenenepa, ana viatu vizuri, akajenga nyumba ya bati. Akaja kwangu na sahani ya senene, akapiga magoti, yeye mkubwa kwangu mimi mdogo. Alilia. Akasema, "Ningekwambia, ungekubali?"

Nikamjibu, "Hukuniuliza."

Akatazama jiko lile, ukuta ule, akaniuliza kwa sauti ndogo kwa nini na mimi sikuondoka, njia si nilikuwa naijua?

Wasomaji, nawasihi. Wazazi, mtoto akirudi analia msikilizeni yeye kabla ya kusikiliza maneno ya barabarani. Mabinti, mkialikwa matembezi msiulize tu ya kwenda, ulizeni nani anarudi na nani. Na wewe unayekimbia fimbo, kimbia, mimi nani nikulaumu? Lakini usiikimbie kwa kumsimamisha mwenzako mahali pako ipigwe shingo yake.

Siku hizi wajukuu zangu wa kike wanakula senene hadharani wakicheka, na mimi ndiye ninayewakaangia. Mimi siwaonji. Siku ile sahani ya Konsolata nilimrudishia imejaa vilevile. Nikamjibu swali lake, kwa nini sikuondoka.

"Si ulisema mwenyewe, dada? Huyu anarudi."