Barua ya Mahakama Aliyoichoma Shemasi Lamont

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kusengenya, ila hili la Shemasi Lamont Pettway lazima niliseme, maana wenzake ni wengi humu Milwaukee na wamenyamaza kimya.

Jumapili moja ya Novemba familia hiyo ilikuwa mezani, imetoka kanisani. Kambare wa kukaanga, mboga za majani, mkate wa mahindi wa motomoto. Binti yao Nadine, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa akimwigiza mchungaji, na mama yake, Earline, alicheka mpaka machozi. Lamont alikuwa bado na tai yake shingoni. Raha tupu.

Mlango ukagongwa. Lamont alipofungua hakukuta mtu, ila karatasi imebandikwa mlangoni. Ilikuwa barua ya mahakama. Kodi ya miezi miwili haikulipwa, mwenye nyumba anataka watoke, na kesi ingesikilizwa baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne.

"Nani huyo, Baba Nadine?" Earline akauliza.

"Watu wa matangazo tu," akajibu, na karatasi ikaingia mfukoni.

Earline hakujua lolote. Mlipaji kodi alikuwa Lamont, na kiwandani kwao zamu zilikuwa zimepunguzwa tangu Septemba. Mume akajikaza kisabuni, kila siku anasema mambo ni shwari.

Sasa nisikilizeni vizuri. Huyu Lamont alikuwa mmoja wa watu watatu wa kamati ya misaada pale kanisani. Kila Jumatano wao ndio waliosoma maombi ya walioshindwa kodi. Taratibu alizijua zote: ulete barua ya mahakama kabla ya siku ya kesi, kanisa limlipe mwenye nyumba, na wakili wa bure asimame nawe. Alisaidia wengi, simnyimi haki yake. Lakini mdomo! Oktoba, ombi la jirani yao Vernell lilipofika, Lamont alisema, "Mwanaume mzima unashindwa na kodi? Ningekuwa mimi nisingeonekana hadharani." Wenzake wakacheka.

Basi leo angeiwekaje barua yake mbele ya watu walewale? Jumatatu asubuhi Earline alipoondoka, Lamont aliitia kwenye jiko la kuchomea nyama uani, akaiwasha. "Potelea mbali," akasema.

Jumatano akaenda kwenye kamati kama kawaida. Mwenyekiti, Dada Odessa, mjane anayeendesha basi la shule, alimtazama kwa makini.

"Shemasi, mbona umekonda? Nyumbani kwema?"

"Kwema kabisa, dada yangu. Mungu ni mwema."

"Kila wakati," Odessa akaitikia. "Lakini kama kuna jambo, sema. Mimi sicheki mtu."

Maneno yalimfika Lamont ulimini, akayameza. Jamani, Lamont! Ungesema tu!

Jumanne ya kesi hakwenda. Alijidanganya kwamba mtu asipofika kesi huahirishwa. Wapi! Asiyefika hushindwa papo hapo.

Siku nane baadaye, saa nne asubuhi, theluji ikianguka, walikuja askari wawili na wabeba mizigo. Earline aliwazuia mlangoni.

"Mmekosea nyumba. Sisi hatuna deni la mtu."

Askari akamwonyesha jina. Godoro la Nadine likatupwa kwenye theluji, likafuata kabati la vyombo.

"Lamont, waambie wamekosea!"

Lamont akainamia godoro, akaanza kulipangusa theluji.

Jirani alimpigia simu Odessa, naye akafika mbio. Palepale akampigia mwenye nyumba, akamwahidi fedha zote siku ileile. Mwenye nyumba akakataa: hukumu anayo, na mpangaji mpya ameshapatikana. Odessa alilia waziwazi.

"Shemasi, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Barua iko wapi?"

"Niliichoma."

Earline alimgeukia taratibu. "Uliichoma. Siku zote hizi nalala kando yako, unaniambia tuko sawa." Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Nadine anatoka shule saa tisa. Kamchukue. Umwambie mwenyewe atalala wapi leo."

Lamont akaenda kwa miguu. Pale getini Nadine alimwona akaja mbio, mkoba ukimruka mgongoni.

"Baba! Leo umekuja wewe! Twende nyumbani upesi, nasikia baridi."

Lamont akapiga magoti kwenye theluji, akaanza kumweleza.

FUNZO

Wenzangu, kodi ikikushinda, sema mapema, na wa kwanza kumwambia awe mwenzako wa nyumbani. Barua ya mahakama usiifiche, maana ndiyo unayoombea msaada. Siku ya kesi nenda, hata kama huna senti mfukoni. Aibu ya kuomba ni ya dakika chache, lakini familia ya Pettway mpaka leo inalala sebuleni kwa dada yake Earline. Nanyi mnaokaa kwenye kamati, chungeni ndimi zenu. Unapomcheka aliyekuja kuomba, kuna mwingine anakusikia, na huyo hatakuja kabisa.