Sweta za Tusekile

Tusekile anaishi Tukuyu. Tukuyu kuna mvua, na baada ya mvua kuna baridi.

Zamani Mama ndiye aliyemvika Tusekile asubuhi. Mama alikufa. Sasa anayemvika ni Baba.

Baba alimvika sweta. Juu ya sweta, sweta. Juu ya sweta, koti.

"Baba, imetosha?"

"Bado kidogo," alisema Baba. "Bado kidogo tu."

Akaongeza skafu. Akaongeza soksi juu ya soksi. Viatu vikakataa. Baba akavibembeleza, vikaingia.

Tusekile akaenda shule. Pwata, pwata, pwata.

Getini alisimama rafiki yake, Ambokile. "Wewe, umekuwa godoro."

"Si mimi. Ni Baba."

"Godoro la nne kwa sita?"

"Tatu kwa sita," alisema Tusekile. "Mimi bado mdogo."

Darasani Mwalimu aliuliza swali. Tusekile alijua jibu. Mkono haukupanda.

Wakati wa kurudi, aliteleza mlimani. Biringi, biringi, biringi, mpaka kwenye mgomba.

Hakuumia. Hapakuwa na mahali pa kuumia.

Jioni Baba alirudi kutoka kazini. Tusekile alikwenda kumkumbatia. Mikono yake haikufika. Iligusa vifungo vya shati tu.

Alijaribu tena. Vifungo tu.

Kubiringika hakukumsumbua. Hili lilimsumbua.

Usiku Baba hakumvua koti. Alileta blanketi. Juu ya blanketi, blanketi.

"Baba, imetosha."

"Bado kidogo. Bado kidogo tu."

"Baba," alisema Tusekile. "Mama alinivika sweta moja."

Mvua ilipiga bati. Ta, ta, ta.

"Najua," alisema Baba.

"Mbona wewe unanivika zote?"

Baba alifikiri. "Mama alijua ngapi zinatosha. Mimi sijui. Kwa hiyo naweka zote."

"Nivue, nikuonyeshe."

Skafu ikatoka. Koti likatoka. Soksi zikatoka, na soksi. Sweta ikatoka.

Ikabaki sweta moja, ya kijani, yenye kiwiko kilichoshonwa na Mama.

Tusekile alinyoosha mikono. Ikazunguka shingo ya Baba. Nyuma ya shingo, vidole vikakutana.

"Ni hii?" aliuliza Baba.

"Ni hii."

"Sawa. Kesho nitakumbuka."

Baba alimfunika blanketi moja. Alitaka kuinuka akazime taa. Mikono haikumwachia.

"Bado kidogo," alisema Tusekile. "Bado kidogo tu."

Baba akakaa.

Ta, ta, ta, mvua ikapiga bati. Tusekile akalala, na hakusikia baridi.